Mboga Isiyo na Mwenyewe

Mwezi uliopita akina mama wa kanisa letu hapa Nakuru waliamua kwamba tumechoka, na dawa ya kuchoka ni kwenda Naivasha kupanda boti na kula samaki. Mimi sikutaka kwenda, lakini ningebaki nyuma ningesemwa siku nzima, kwa hiyo nikavaa lile jaketi la kuelea la rangi ya machungwa, lenye jasho la watu nisiowajua, nikakaa na wenzangu. Upande wa Kamere kijana wa boti akazima injini. Ziwa limepanda miaka hii, na pale alipotusimamisha kulikuwa na vichwa vya nguzo na kipande cha paa la mabati kinachochungulia juu ya maji, ndege mweusi amekaa juu yake anakausha mabawa. "Hapa chini kulikuwa na ploti ya watu wa maua," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeyasema mara nyingi. "Kuna mathe mmoja Mjaluo alikuwa anaishi hapa, anakula majani ya ziwa kama mboga. Madawa ya maua ikamuua. Ni ukweli, si hadithi." Wenzangu wakasema woi, mmoja akapiga picha. Mimi nilitaka kumzaba kofi, ila mtu asiyejua kuogelea hamzabi kofi mwenye boti. Tulipofika nchi kavu, samaki yangu sikuimaliza.

Ile ploti niliishi. Yule mathe, yaani yule mama, alilala kwenye kitanda changu, mimi nikalala chini kwenye godoro la sponji, karibu mwaka mzima. Majani yale nimeyala pia, na nipo, nina presha na magoti mabovu, lakini nipo. Kilichomuua si majani. Majani ndiyo yaliyomweka hai kwa muda aliokuwa nao. Tangu siku ile ya boti nimekuwa na hasira, na sijui nimkasirikie nani, kwa sababu kila ninayemfikiria namkuta hana hatia. Afadhali ningepata mbaya wa hadithi hii nikamtukana, nikalala.

Ulikuwa mwaka wa kiangazi, ule ambao ziwa lilifanya kinyume cha linavyofanya sasa: lilikuwa linatukimbia. Mafunjo yalibaki yamesimama penye ukavu, ya rangi ya karatasi ya kaki, na matope yakapasuka vipande ambavyo ungeweza kuvibeba kama sahani. Mimi nilikuwa msichana wa pakihausi, kazi yangu kufunga waridi na kukata mashina yawe sawa. Ploti yetu ilikuwa vyumba vya mabati vilivyopangwa mstari, mfereji mmoja wa maji katikati, choo mwisho. Ukuta kati yangu na jirani ulikuwa bati moja ambalo halikufika juu, kwa hiyo tuligawana moshi, harufu ya mafuta, na maneno. Jirani zangu walikuwa Akoth na mume wake Ouma. Akoth alikuwa rika langu, mcheshi, mwenye mashavu makubwa ambayo Ouma aliyapenda waziwazi. Ouma alikuwa mrefu na mpole, mtu wa kuinama hata mahali pasipo na mlango. Alikuwa anakata maua kwenye grinihausi. Walikuwa wamekaa tu pamoja, kama wengi wetu, bila yeye kupeleka mahari yoyote kwa kina Akoth.

Mwanzo wa mwaka huo Akoth alijifungua kwa kupasuliwa, na kidonda kikagoma kufunga. Hakuweza kuinama wala kubeba mtoto, na Ouma alitoka kazini jioni. Ndipo mama yake Akoth, huyo mathe, akaja kutoka Siaya, amebeba mfuko wa unga wa mtama na mahindi, sufuria yake mwenyewe, na kuku aliyekuwa amekasirika. Hakuingia kwa Akoth. Alisimama uwanjani, mgongo ameupa mlango wa binti yake, akaita jina lake kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nafua. "Wewe ndiye Wambui? Akoth ananiambia uko peke yako kwa nyumba." Nikasema ndiyo, mama. "Sasa hauko peke yako," akasema, akaingia, akaweka kuku chini ya kitanda changu.

Mimi Mkikuyu wa Kabazi sikujua mambo hayo, na Akoth ndiye aliyenieleza, amekaa kwenye kitanda changu huku mama yake akimwosha mtoto. Kwao mama mkwe halali chini ya paa la mkwe. Hamtazami usoni. Wala hali chakula cha nyumba hiyo mpaka mkwe awe amepeleka ng'ombe nyumbani kwao na kumpa mama kile kitu cha kuonyesha amekubali, ambacho wao wanakiita ayie. Kwa hiyo chumba changu kikawa hospitali ya mchana: Akoth na mtoto wanavuka asubuhi, wanarudi jioni. Na Ouma, maskini, alijifunza kukohoa. Akitaka kutoka, anakohoa. Mathe aliye mferejini anageuza uso ukutani. Ouma anapita kwa kasi, kichwa kati ya mabega, kama mwizi wa kuku. Siku moja walikutana kona ya choo, na yeye akarudi kinyumenyume mpaka akaangukia kwenye karai la mtu. Ploti nzima ilicheka. Mathe alicheka kuliko wote, ameangalia ukuta.

Alikuwa mtu wa kucheka. Alikoroma, alinusa tumbaku, na githeri yangu, mahindi na maharagwe, aliiita chakula cha farasi, lakini aliila. Wiki ya kwanza alishuka ziwani na kurudi na furaha ya mtoto, mkononi ameshika majani marefu membamba, ya kijani kibichi, yanayoning'inia kama utepe wa nywele za wasichana wa shule. Wavuvi walikuwa wanayabandua kwenye nyavu zao wakiyatukana. Jina alilolitaja kwa Kijaluo halikunikaa. Sisi wa ploti tuliyaita riboni. Mmea wenyewe hukaa chini ya maji, mizizi kwenye mchanga, na majani yake huinuka mpaka juu yakalala yote kuelekea upande mmoja, jinsi maji yanavyotaka. Ua lake ni dogo, jeupe, liko juu ya uzi uliojisokota kama waya wa simu za zamani za mezani. Alisema kwao, kwenye ziwa kubwa, bibi yake aliwalisha hayo mwaka mtama ulipokataa, na kwamba watu wamesahau kwa sababu ya kujivuna.

Alinifundisha kuyapika, na mpaka leo nikipita penye maji yaliyotulia macho yangu huyatafuta. Unachuma yale mafupi, membamba, yasiyozidi upana wa kidole kidogo. Marefu yamezeeka na yana mchanga na utelezi wa kahawia. Unayang'oa taratibu ili utoke na ile sehemu nyeupe ya chini iliyofichwa mchangani. Hiyo nyeupe hatukuipika; tuliitafuna mbichi na chumvi, ilikuwa inakatika mdomoni kama tango, tamu kidogo, baridi. Majani unayaosha mara nyingi mpaka konokono wadogo waishe, unayakatakata kwa mkono, unayachemsha na magadi kidogo. Hapo chumba kitanuka tope, na usipojua utafikiri umeharibu sufuria. Unamwaga yale maji, unatia maziwa, unaacha yalale. Siku ya pili yanakuwa laini kama mrenda, harufu imeondoka, na ukipata omena, wale dagaa wadogo, wa kusagia humo, unakula ugali mpaka unaogopa. Mama Kevo, Mluhya wa chumba cha kwanza, mwenye mdomo usio na mlango, alichungulia sufuria siku hiyo akasema, "Ngai, Mathe, hii si ni chakula ya kiboko?" Mathe akamjibu, "Umeshaona kiboko imekonda?"

Hiyo ilikuwa miezi mizuri. Naisema haraka kwa sababu haikukaa. Unga wake wa kutoka nyumbani ulipoisha, kidonda cha Akoth kilikuwa kimefunga, naye mathe alikuwa amepanga kurudi. Kisha shamba walikofanya kazi akina Ouma likafunga grinihausi nusu, kwa sababu maji yalikuwa mbali na mabomba yalikuwa yanavuta tope, na Ouma akarudi nyumbani saa nne asubuhi na buti zake mkononi. Akawa anakwenda Ndabibi kutafuta kibarua cha kuvuna vitunguu, siku anapata, siku hapati. Akoth ndiye aliyepata kazi, shamba lingine, ya kupalilia. Lakini kazi ile haikutaka mtoto mchanga mgongoni. Kwa hiyo mathe akabaki. Nataka hili lieleweke, kwa sababu ndilo kiini cha jambo: nyumba ile ilikula kwa kazi ya Akoth, kazi ya Akoth ilisimama kwa sababu mama yake alishika mtoto, na chakula kilichonunuliwa na kazi hiyo ndicho chakula pekee Kamere nzima ambacho mama yake hakuweza kukitia mdomoni.

Alikula kwangu. Mimi si mkwe, mimi ni Mkikuyu tu, chungu changu hakikuwa na neno. Lakini pakihausi nayo ikatukata zamu, tukawa tunaitwa siku mbili, tatu kwa wiki, na sufuria yangu ikaanza kuonyesha chini. Mathe akaanza kusema ameshiba kabla sijakaa. Akoth aliona, na hakuwa mtu wa kuona akanyamaza. Jioni moja akaniita nyuma ya choo. "Wambui, nitakupatia unga na kila kitu. Pika wewe. Ukimpatia, hiyo ni yako. Si ni moto yako, sufuria yako?" Nikamwuliza kama hiyo si kudanganya. "Hiyo ni kumwokoa," akasema. Nami nikakubali, na hata leo ningekubali. Tulifanya hivyo muda, na mathe akala, na mashavu yake yakarudi kidogo. Shida ni kwamba siku moja Akoth alileta samaki, na kwa kuwa mimi nilichelewa kazini, akaipika yeye mwenyewe kwenye jiko langu, akaondoka kabla mama yake hajarudi kutoka mferejini.

Tulikaa kula. Mathe akakata kipande cha shingo, akakitafuna, akaacha kutafuna. Aliigeuza samaki kwa kidole, akaangalia mikato ya ubavuni, akanusa mchuzi. "Wambui," akasema, "wewe unajua kupika samaki?" Nikasema najifunza. "Juzi ulinipatia samaki imetolewa kichwa, imechemshwa na viazi. Nikala kwa sababu ya heshima." Akasukuma sahani polepole mpaka ikafika kwangu. "Hii imepikwa na mtu mimi nilizaa." Sikuweza kumwangalia. Akaniuliza unga ulitoka wapi, na wa wiki iliyopita, na mafuta. Hakupiga kelele. Alitoka nje akajitapisha nyuma ya mafunjo makavu, kidole kooni, kitu ambacho sitaki kukikumbuka lakini sauti yake ninayo. Aliporudi aliniambia hana kinyongo na mimi. Lakini tangu siku hiyo hakula tena chochote kilichotoka mkononi mwangu, hata githeri niliyoitoa kwenye mshahara wangu mwenyewe, kwa sababu hakuweza tena kujua kipi ni changu. Ule ujanja wa mapenzi wa Akoth ulifunga mlango wa mwisho.

Nilimwuliza mara moja, kwa hasira, kama mila ina thamani kuliko tumbo. Alikuwa amemlaza mtoto mapajani, anamchua miguu. "Usifikirie mimi ni mjinga," akasema. "Ouma ni mtu mzuri. Leo. Sasa nikikula kwake kabla hajatoa kitu, nimemaliza. Siku atampiga Akoth, atarudi nyumbani na macho imefura, nitaenda kumwuliza Ouma na mdomo gani? Ataniambia, Mama, si ulikuwa unakula hapa? Huyu mtoto wangu ana mtu mmoja tu wa kumwongelea. Ni mimi. Siwezi kuuza hiyo." Nikamwambia Ouma hatampiga. "Hata baba yake Akoth hakuwa ananipiga," akasema, "mpaka akaanza."

Basi akarudi kwenye riboni, na safari hii si kama ladha ya nyumbani bali kama chakula cha kila siku. Ziwa halikuwa la mkwe. Lile jani halikuwa na mwenyewe, hakuna aliyelipanda, hakuna aliyelilipia. Asubuhi jua likishapanda, mtoto amefungwa mgongoni, alishuka hadi pale wavuvi walipomwonyesha kuwa viboko hawalali, akaingia maji ya magoti, akachuma. Maziwa yalipokosekana alipika kwa chumvi peke yake. Wavuvi wakati mwingine walimrushia kamba, wale wa ziwani wenye makucha mekundu, na aliwachukua, kwa sababu wavuvi nao hawakuwa Ouma. Nami nilikaa mezani kwangu na sufuria yangu, yeye kwenye kitanda na yake, tunazungumza kana kwamba ni jambo la kawaida watu wawili wa chumba kimoja kuwa na meko mawili.

Usiku bati lilileta maneno ya upande wa pili. Ouma akisema, "Mama yako anakula nyasi kwa mlango yangu. Unajua watu wananiita nini huko Ndabibi?" Na Akoth, "Si umtolee basi." "Nimtolee na nini? Na hii mikono?" "Ng'ombe moja, Ouma." Mathe alikuwa macho kitandani, nilijua kwa sababu hakuwa anakoroma. "Akoth," Ouma akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imepasuka, "unafikiria mimi napenda?" Jumapili iliyofuata alivaa shati lake la kanisani akaenda kwa Mzee Okelo, mwenyekiti wa chama cha watu wa kwao, kuomba wachangiane apeleke hata ndama. Alirudi mapema mno. Mzee Okelo, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwambia chama ni cha matanga. Wakianza kuchangia ndoa, kesho kila kijana atapanga mstari. Ouma alikaa kwenye ngazi ya mlango wake mpaka giza, na kila mathe alipotaka kupita, alikumbuka kukohoa.

Hapa ndipo ningependa kusimama, niseme kwamba ziwa lilimtunza. Lakini mwaka ule ulifukuza watu wengi kazini, shamba baada ya shamba, na njaa ikaondoa aibu ploti nzima. Mama Kevo, yule wa kiboko, alikuja mlangoni na sufuria mkononi na macho chini. "Mathe, hii mboga yako unatoa ile maji ya kwanza ama unaacha?" Ningekuwa mimi ningemkumbusha maneno yake. Mathe alimvuta ndani kwa mkono. Alimwonyesha yapi ya kuchuma na yapi ya kuacha, jinsi ya kuosha, magadi kiasi gani. Kesho yake wakaja wengine. Aliwapeleka ziwani, wanawake mstari mzima ndani ya maji, nguo zimefungwa kiunoni, wakicheka, na yeye mbele anawapigia kelele waache mizizi. Sijamwona akiwa na raha kama asubuhi ile. Mtu aliyekuwa anachekwa alikuwa mwalimu.

Hawakuacha mizizi. Ile nyeupe ya chini ilikuwa tamu na watoto waliipenda, na ukiwa na watoto wanaolia hukumbuki mizizi. Mama Kevo akaanza kufunga vifungu na kuuza barabarani. Kamba wakamaliza vilivyobaki, na ziwa likazidi kurudi nyuma, likaacha riboni zimelala kwenye tope, zimekauka, zinavunjika ukizikanyaga. Ikawa mahali pa kuchumia ni mbali, ng'ambo ya mafunjo, maji ya kifuani. Wengine wakaacha, kwa sababu wengine walikuwa na kwingine: huyu ana shemeji wa kumkopesha unga, yule mwanawe anatuma kitu, mimi nina siku zangu mbili za kazi. Sisi sote riboni zilikuwa za kuongezea. Yeye peke yake hakuwa na sufuria nyingine, na ndiye aliyetuonyesha njia. Nilimwambia Mama Kevo maneno mazito mferejini. Aliniangalia tu. "Na watoto yangu ningewapatia nini, Wambui? Maua?" Nikachukua ndoo yangu nikaondoka.

Aliingia maji ya kifuani kila alfajiri, sasa mtoto ameniachia mimi siku nisizoitwa kazini, na siku nyingine alimwacha kwa wavuvi waliokuwa wanashona nyavu. Alirudi nguo zimemganda, meno yanagongana, na fungu la kushika kwa mkono mmoja. Kikaja kikohozi. Nilimpikia uji, nikamwapia kwa Biblia kwamba unga ni wangu, nimeununua mwenyewe, akaniambia ananiamini, akaushika ule uji mpaka ukapoa, akampa mtoto. Akoth aliacha kazi siku mbili akaja kupiga magoti mbele ya kitanda changu. "Mama, kula. Mimi ndiye nasema. Kama Ouma atanipiga, anipige." Mathe akamshika kichwa. "Rudi kazi," akamwambia. "Wataandika mwingine." Akoth akarudi kazini kwa sababu bila kazi ile mtoto naye asingekula, na hilo mama yake alilijua vizuri kuliko sisi.

Ouma alifanya jambo moja ambalo sijawahi kumwambia mtu. Alitoka alfajiri kabla ya mathe, akaenda ziwani, na nilipofungua mlango nikakuta fungu kubwa la riboni changa, zimeoshwa, zimewekwa juu ya jani la mgomba kizingitini. Mathe aliziangalia sana. Akauliza nani amezileta. Nikasema sijui, na kweli sikuwa nimeona. Lakini chini kwenye tope kulikuwa na nyayo za buti, na Kamere nzima mtu mwenye mguu mrefu hivyo alikuwa mmoja. Mathe alizipeleka mwenyewe mpaka chini, akazirudisha majini. Nilimfuata na kumkuta amekaa kwenye tope anapumua kwa shida. "Ni mtu mzuri," akasema. "Sikusema si mtu mzuri." Nililia njia nzima ya kupanda, nikimshika kwa kwapa, na alikuwa mwepesi kuliko fungu la waridi.

Mathe alifia zahanati, kwa kifua, adhuhuri, Akoth akiwa njiani kutoka shambani. Daktari aliniuliza alikuwa anakula nini, nikasema mboga, akaandika kitu. Hapo ndipo maneno ya sumu yalipoanzia, nafikiri. Mtu alisikia mboga ya ziwa, akaunganisha na madawa ya maua, na hadithi ikapata miguu. Hakuna aliyetaka kusema amekufa kwa njaa katikati ya watu waliompenda.

Jioni ileile Mzee Okelo akaitisha kikao uwanjani, na chama kilichoshindwa kununua ndama kikanunua kila kitu. Sanduku, gari, turubai, mchele. Watu wasio na kazi walitoa. Mama Kevo alitoa pesa za vifungu vyake vyote, akilia mpaka akashikiliwa. Na kwa kuwa mkwe hawezi kuingia boma la mama mkwe aliyekufa mikono mitupu, wakamnunulia Ouma ng'ombe, dume jeusi lenye baka jeupe kifuani, kwenye soko la huko Siaya. Tulifika nalo asubuhi ya maziko. Wazee wa kwao Akoth walilizunguka, wakalipapasa mgongo, wakasema limepokelewa, huyu sasa ni mkwe kabisa, hana deni. Saa moja baadaye lilikuwa limechinjwa kwa ajili ya waombolezaji, na vijana walikuwa wanagawa nyama kwenye masinia. Nami nikapewa yangu. Nilikula. Nilikuwa na njaa, na niliwachukia watu wote waliokuwa wanatafuna, na mimi nikiwa miongoni mwao.

Ouma hakupita mbele ya sanduku wengine walipopita kuangalia. Alisimama nje ya ua na wakwe wengine, kofia mkononi. Baada ya kaburi kufunikwa alinifuata nyuma ya jikoni, kwenye moshi, mahali wanawake walikuwa wanasugua masufuria. Alikuwa ameishi na yule mama upande wa pili wa bati karibu mwaka mzima. Alijua kikohozi chake, kicheko chake, visigino vyake, kitambaa chake cha kichwa kwa nyuma.

"Wambui," akasema, "mathe alikuwa anakaa aje kwa uso?"

"Ni Akoth," nikamwambia. "Mtoe tu mashavu."

Akageuka kumtafuta. Akoth alikuwa amekaa chini kando ya ukuta, miguu ameinyosha, sinia la nyama ya ng'ombe wa mume wake liko mapajani, wanawake wawili wanambembeleza ale. Alikuwa amefunga mdomo na ameutazama ukuta.